Sigara Garsen: Marufuku tunayo tangu 2008, tunangoja nini?

Kila habari ya sigara ikizuka katika mazungumzo yetu huku Tana Delta, iwe ni barazani baada ya Isha au kwenye kundi la WhatsApp la wadi, swali huwa ni lile lile: je, serikali ipige marufuku watu kuvuta hadharani? Hapo watu hugawanyika. Mmoja atasema pesa ni zake na mapafu ni yake. Mwengine atatoa hukumu ya dini na kuondoka zake. Wa tatu, ambaye huwa mpole kuliko wote, atasema tungojeni serikali iamue.

Huyu wa tatu ndiye ninayetaka kuzungumza naye leo. Ndugu yangu, serikali iliamua zamani. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ilipitishwa mwaka wa 2007 na ikaanza kutumika Julai 2008. Mtoto aliyezaliwa Ngao mwezi huo sasa ni kijana mwenye ndevu. Sheria hiyo yasema wazi kwamba mtu haruhusiwi kuvuta sigara mahali pa umma, na anayekiuka atozwe faini isiyozidi shilingi 50,000 au afungwe kwa muda usiozidi miezi 6, au apate vyote viwili. Kwa hivyo tukiulizana Garsen kama marufuku iwepo, twaulizana jambo lililokwisha. Swali lililobaki ni gumu zaidi nalo halitupendezi: mbona sheria hii haijawahi kuvuka mto Tana?

Na haikuja kirahisi. Mwaka wa 2004 Kenya ilitia saini na kuridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tumbaku. Mwaka wa 2006 Charity Ngilu, akiwa waziri wa afya, alitoa kanuni za kuzuia uvutaji hadharani. Kampuni za sigara zikakimbilia mahakamani na kanuni zikasimamishwa. Ndipo Bunge likatunga sheria kamili. Baadaye zikaja kanuni za 2014 za kuikaza sheria hiyo, na British American Tobacco ikazipinga katika Mahakama Kuu, ikashindwa 2016. Ikaenda Mahakama ya Rufaa, ikashindwa 2017. Ikapanda hadi Mahakama ya Juu, nako ikashindwa Novemba 2019. Yaani kama kuna marufuku nchini Kenya ambayo imepigwa vita na mawakili ghali na bado imesimama wima, ni hii. Sasa hebu tuangalie inavyoheshimiwa kwetu.

Sheria imetaja sehemu nyingi: ofisi, mahakama, hospitali na zahanati, hoteli na mahali popote pa kulia, shule, nyumba za ibada, vituo vya polisi, masoko, magari ya abiria, vyombo vya majini na vituo vya kungojea usafiri. Ukiichukua orodha hiyo na kutembea nayo Garsen mjini kutoka upande wa daraja hadi sokoni, utaona kwamba karibu kila mahali unapokaa na mwenzio kwa sababu ya shughuli fulani pameguswa. Pia sheria yamtaka mwenye jengo au msimamizi wake aweke ilani inayoonekana ya kukataza uvutaji. Mimi hupita Garsen mara nyingi kwa shughuli zangu. Ilani za kampuni za simu nimeziona hadi kwenye kuta za udongo. Ile ya kukataza sigara nimeiona kwenye vituo vya mafuta, na pale haikuwekwa kwa ajili ya mapafu ya mtu.

Nenda Minjila, kwenye njia panda. Hapo ndipo magari ya Mombasa na Malindi huachana, moja likielekea Lamu kupitia Gamba na Witu, jengine likipanda Hola na Garissa. Gari likisimama, wavutaji huwa wa kwanza kushuka. Hilo si neno, mtu ashuke avute. Lakini havuti kwenye uwanda, ambao Mungu ametujaalia mkubwa kuliko wa kaunti nyingi. Atavuta chini ya kivuli cha hoteli, mlangoni, pale pale ambapo mama amesimama na mtoto mgongoni akinunua mahamri, na upepo wa Tana unavyovuma wauleta moshi wote ndani. Gari likipiga honi atavuta pumzi mbili za haraka, atupe kichungi, apande na moshi wa mwisho uko bado kifuani. Huutolea ndani ya gari. Na dereva naye ana fatwa yake mwenyewe: ukitoa mkono nje ya dirisha, eti sigara iko nje ya gari.

Ninayemuonea huruma zaidi pale si abiria. Abiria ataondoka baada ya nusu saa. Ni yule msichana wa hoteli anayepika chai tangu alfajiri hadi usiku, aliye baina ya moshi wa kuni kwa nyuma na moshi wa sigara kwa mbele. Hajawahi kununua sigara hata moja maishani mwake. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 duniani kila mwaka, na kati yao zaidi ya milioni 1 ni watu wasiovuta, waliovutishwa na wenzao. Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zajulikana kusababisha saratani. Kwa mtu mzima huleta maradhi ya moyo na saratani ya mapafu. Kwa mtoto huamsha pumu, huleta maambukizi ya kifua na ya masikio. Kwa mja mzito huweza kumfanya azae mtoto mwenye uzani mdogo. Haya yote yana tiba kubwa kuliko zahanati zetu. Mtu wa Garsen akiambiwa ana saratani, safari ni Mombasa, zaidi ya kilomita 200, au Nairobi kabisa, na wakati wa mafuriko hata hiyo barabara huwa hana hakika nayo.

Nimetaja mafuriko. Tulipohamishwa hamishwa na maji Novemba 2023, na tena mwaka uliofuata, familia nyingi za Delta zililala madarasani na kwenye mahema. Hema moja, watu kumi, mzee mmoja mvutaji, na nje mvua. Umwambie atoke akavutie wapi? Hapo ndipo utajua kwamba neno "mahali pa umma" si la Nairobi na majumba yake ya ghorofa tu. Sisi ambao kila baada ya miaka michache hugeuzwa wote kuwa wageni chini ya paa moja, latuhusu pengine zaidi.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua. Pwani yetu si ya watu wasiojua kupiga marufuku. Mei 2024 tuliona Gavana Abdulswamad Nassir wa Mombasa akipiga marufuku muguka, Kilifi ya Gideon Mung'aro ikafuata, na Taita Taveta nayo. Vilio vya akina mama vilisikika, maimamu wakaunga mkono, magari ya mzigo yakazuiliwa. Mimi nami moyo wangu ulikuwa na wale mama, maana nimeona vijana walivyoharibika. Lakini kisheria msimamo ule ulikuwa kama nyumba isiyo na boriti. Zao lile linatambuliwa na sheria ya taifa, Rais William Ruto akasema amri zile hazina nguvu, na mahakama ya Embu ikazisimamisha. Siku chache kelele zote zikaisha.

Shisha nayo. Wizara ya Afya iliipiga marufuku Desemba 2017. Miaka ikapita watu wakikamatwa kwenye vilabu vya Mombasa, hadi Septemba 2024 mahakama ya Shanzu ikawaachilia watu 48 na kusema marufuku ile haikufuata utaratibu, kwa sababu kanuni zake hazikupelekwa Bungeni kama Mahakama Kuu ilivyoagiza mwaka wa 2018.

Tazama basi tulivyo. Pale ambapo sheria ni legevu tumepiga kelele hadi sauti zikakauka. Pale ambapo sheria ni ngumu kama mwamba, iliyopita Bungeni, ikatetewa hadi Mahakama ya Juu, tumenyamaza kimya. Hakuna gavana wa pwani aliyesimama kwenye jukwaa akatangaza wiki ya kuondoa sigara kwenye stegi na hoteli, na kwa hilo hangehitaji amri mpya hata moja. Jadweli ya Nne ya Katiba imezipa kaunti afya, imezipa udhibiti wa uchafuzi wa hewa na kero za umma, imezipa hata udhibiti wa dawa za kulevya. Afisa wa afya ya umma wa Garsen ni mfanyakazi wa kaunti. Mwenye hoteli hulipia leseni yake kwa kaunti. Stegi ni ya kaunti. Soko ni la kaunti. Mamlaka yote yako Hola na hakuna anayeyaomba Nairobi.

Kwa nini basi? Nitasema ninavyoona, na anayepinga aje na lake. Muguka hutoka mbali, faida yake huenda mbali, na ni rahisi kupigana na kitu ambacho mwenye shamba lake hapigi kura kwako. Sigara ni yetu sisi. Huvutwa na mzee wa mtaa, na mwalimu, na mwakilishi wadi, na askari wa barazani kwa chifu, na wazee wetu wa Kipokomo na Kiorma ambao huwezi kukaa nao kikao cha suluhu bila kuona kiberiti. Huvutwa na baadhi ya tunaoswali nao safu moja. Marufuku ya muguka ilikuwa ni kumnyooshea kidole mgeni. Hii ya sigara yataka mtu amwambie mjombake, "Mjomba, toka nje."

Na kuna jambo la kutuma watoto. Sijui kama kuna mtu aliyekulia pwani akawa hakutumwa sigara dukani. "We mwana, chukua hii, kaniletee mbili." Mbili, si pakiti. Mtoto wa miaka 7 atakimbia, mwenye duka atafungua pakiti, atazitoa mbili kwa vidole vyake, na mtoto atarudi nazo mkononi akifurahi kwa sababu amebakishiwa shilingi ya peremende. Katika safari hiyo ya dakika tano sheria imevunjwa mara mbili. Kuuza tumbaku kwa aliye chini ya miaka 18 ni kosa. Kuuza sigara moja moja ni kosa, kwa sababu sheria yataka ziuzwe kwa pakiti isiyopungua sigara 10. Mwenye duka hajui. Mzee hajui. Na mtoto amejua jambo moja tu, kwamba sigara ni kitu cha heshima ambacho wakubwa hutumiana, sawa na sukari na majani ya chai. Tukishangaa baadaye kumkuta na miaka 15 nyuma ya kichaka na wenzake, tutakuwa tumesahau nani aliyemwonyesha njia ya duka.

Nitatoka kidogo kwenye mstari. Hili neno uraibu, ambalo siku hizi lasomwa kwenye taarifa ya habari kwa maana ya mtu kushindwa kuacha dawa, kwa bibi zetu lilikuwa jina la vitu vya tambuu: jani, popoo, chokaa, na tumbaku yake. Mgeni akija nyumbani alikaribishwa kwa uraibu. Lugha yenyewe imetoka kwenye sinia la mgeni ikafika kwenye wodi ya wagonjwa. Nasema haya kwa sababu tumbaku kwetu si ya kuvutwa peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2014 ulikuta watu wazima milioni 2.5 wanaotumia tumbaku Kenya, sawa na asilimia 11.6, kwa wanaume ni asilimia 19.1. Lakini kwa wanawake wanaotafuna na kunusa walikuwa wengi zaidi ya wanaovuta, asilimia 3.8 kwa 0.8. Marufuku ya kuvuta hadharani haimgusi mama wa ugoro. Humdhuru yeye mwenyewe, na ni maradhi makubwa ya kinywa, lakini hayavuki kwenda kwa jirani. Ndio maana sheria hizi mbili lazima zitenganishwe kichwani: moja ni ya kumnusuru mtu na nafsi yake, nyengine ni ya kumnusuru mtu na mwenzake. Mimi leo nazungumzia ya pili tu, kwa kuwa ndiyo isiyo na udhuru.

Hata kwa upande wa dini nitaishika hiyo hiyo. Najua khitilafu za wanavyuoni kuhusu tumbaku ni za tangu ilipoingia katika nchi za Kiislamu karne nne na zaidi zilizopita. Wako walioiona mubaha, wako waliosema makuruhu, na wengi wa zama zetu, baada ya madaktari kuthibitisha madhara, wakasema haramu. Hata mufti wa Misri Nasr Farid Wasil alitoa fatwa hiyo miaka ya mwisho wa karne iliyopita au hapo karibu. Waachie maulamaa wenyewe. Lakini katika kumuudhi mwenzako hakuna khitilafu niijuayo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimkataza aliyekula kitunguu thaumu kuukaribia msikiti, na thaumu ni chakula halali kilicho dawa. Kama harufu ya halali imewekewa mpaka kwa sababu ya aliyeko safuni, moshi wa kitu kinachozozaniwa utawekewa mpaka gani kwa ajili ya mtoto mchanga ndani ya basi?

Na yule anayesema hawezi kuvumilia, namuuliza kuhusu Ramadhani. Mvutaji wa Garsen hukaa bila sigara zaidi ya saa 13 katika jua letu hili la Delta, halali maji wala chakula, na hafi. Ni kweli wengine huifikia sigara kabla ya tende, hilo twalijua na twalicheka. Lakini anayeweza saa 13 anaweza saa mbili za kutoka Malindi hadi Garsen.

Sasa niwape haki wanaopinga, kwa sababu wana hoja moja ambayo siwezi kuipita juu juu. Si ile ya uhuru wa mtu. Uhuru wa mtu haukuguswa. Hakuna aliyemzuia kuvuta, ameambiwa asogee. Mahakama Kuu ya Uganda ilishayasema haya tangu Desemba 2002, kwamba kuvuta hadharani kwavunja haki ya wengine ya mazingira safi, na Katiba yetu kifungu cha 42 yampa kila mtu haki hiyo hiyo. Wala si hoja ya mwenye duka kupoteza riziki, maana duka laruhusiwa kuuza.

Hoja yenyewe ni askari. Mtu wa Tana River akisikia faini ya shilingi 50,000, hasikii faini. Asikia ng'ombe. Na asikia yule atakayemwambia, "Mzee, ng'ombe ni wa nini, tuelewane hapa hapa." Tumeishi na vizuizi vya barabarani miaka mingi. Kijana wa bodaboda anajua bei ya kila kosa lililoandikwa na lisiloandikwa. Sasa umpe askari sheria nyengine ya kumshika mtu kwa kitu cha mkononi, kinachozimwa kwa sekunde moja na kisichoacha ushahidi, na umlete mchungaji wa Kiorma aliyeingia mjini siku ya mnada, hajui kusoma ilani, amewasha chake chini ya mti. Huyo ndiye atakayeshikwa. Bwana mkubwa mwenye kuvuta ndani ya ofisi ya serikali, milango imefungwa na feni yazunguka, hatashikwa na mtu. Kwa mazingira hayo, wanaosema marufuku itakuwa mrija mwengine wa kuwafyonza maskini hawakosei.

Lakini ukiisoma sheria kwa utulivu utaona mlango wa kutokea hapo. Mzigo haukuwekwa kwa mvutaji peke yake. Mwenye mahali, au msimamizi, ana wajibu wake. Na huyu si mchungaji wa mpitoni. Ana jina, ana leseni, ana mlango unaojulikana, na kila mwaka hurudi kaunti kuomba kibali. Kwa hivyo pa kuanzia si njiani na pingu. Pa kuanzia ni kaunteni mwa ofisi ya leseni Garsen na Hola: mwenye hoteli asipoweka ilani na kuwatoa wavutaji nje ya paa lake, asipewe karatasi. Mwenye gari vivyo hivyo kupitia chama chao cha usafiri, maana vyama hivi vina nguvu ya kumteremsha dereva kazini kwa kosa la nusu siku. Mkaguzi awe afisa wa afya ya umma, ambaye kazi yake ya kila siku ni kukagua vyoo na vyakula vya hoteli hizo hizo. Polisi wabaki na mambo yao, na Delta yetu haijawahi kuwapungukia mambo.

Kisha kaunti ianze na nyumba yake yenyewe. Hospitali ya Ngao, hospitali ya Hola, kituo cha afya cha Garsen, ofisi za wadi, ukumbi wa bunge la kaunti. Kama mgonjwa wa kifua kikuu amekaa kwenye benchi la nje akingoja dawa na jamaa wa mgonjwa mwengine amewasha sigara hatua tatu kutoka kwake, hapo hatuhitaji kujadili haki za binadamu. Uvutaji wenyewe huongeza hatari ya kupata kifua kikuu na ya kufa nacho, na sisi ni kaunti ya manyumba yenye madirisha madogo na watu wengi.

Baraza ya mtu nyumbani kwake, au kivuli cha mwembe wa kijiji ambapo wazee hukaa, hapo mimi ningewacha. Wako watakaosema naogopa wazee, na huenda ni kweli kidogo. Lakini marufuku inayoanza kwa kuwapiga wazee vita chini ya mwembe wao haitafika hata jioni. Tena moshi wa uwandani si sawa na moshi wa chumbani. Kilichofanya nchi kama Ireland ifaulu mwaka wa 2004 ni kuanza na sehemu za kazi zilizofungwa, pamoja na baa zao ambazo kila mtu alisema haziwezekani. Bhutan, mwaka huo huo, ikataka yote kwa pamoja, ikazuia hata kuuza. Magendo yakashamiri mipakani na mwaka wa 2021 wakairudisha biashara. Mwenye kutaka kila kitu siku moja asome habari ya Bhutan.

Vijana wa maskani wamenipa tabu zaidi kuwafikiria. Muguka na sigara kwao ni pacha. Anayetafuna huvuta mara tatu ya kawaida yake. Wengi hawana kazi. Ukiwatoa hotelini watakwenda nyuma ya hoteli. Kwao ilani haitoshi, wanataka mtu wa kuwasaidia kuacha, na hapa ndipo serikali zote mbili zimetuangusha. Kanuni za 2014 ziliwawekea watengenezaji na waagizaji wa tumbaku mchango wa asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao, uingie kwenye hazina ya kudhibiti tumbaku. Ni haki kabisa kwa mwakilishi wetu Bungeni kuuliza ni kiasi gani cha hazina hiyo kimefika kaunti kama yetu kwa ushauri na dawa za kuwasaidia wanaotaka kuacha. NACADA wana nambari ya simu ya bure, 1192. Nimeitaja kwa makusudi, kwa sababu sijaiona imebandikwa popote Garsen, na wako wanaotaka kuacha ila hawajui wamwambie nani.

Ipo pia mipya inayokuja. Vifuko vidogo vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo na sigara za umeme zenye ladha ya matunda vimeshafika Mombasa na Malindi, na barabara ya Garsen ni hiyo hiyo moja. Seneta Catherine Mumma alipeleka Seneti muswada wa marekebisho wa 2024 ili vitu hivi viingizwe ndani ya sheria. Uko sawa. Ila sheria mpya Nairobi haitamfaa msichana wa chai Minjila kama ile ya 2008 bado haijamfikia.

Bajeti ya kaunti huanza kusikilizwa kwa wananchi kabla ya kila mwaka wa fedha, na vikao hivyo hufanyika hadi wadini, ingawa wengi wetu huenda kwa ajili ya soda na nauli. Kikao kijacho cha wadi yenu, simameni mkaulize mambo mawili yaandikwe: ilani kwenye kila jengo la kaunti na kila stegi kutoka Minjila hadi Kipini, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji na picha yake kwa asiyesoma, na sharti la moshi kwenye leseni za hoteli za mwaka ujao. Kibao cha bati na rangi yake hakifiki bei ya mbuzi wa mnada wa Garsen. Mwakilishi wadi akikwambia pesa hakuna, mwombe akuonyeshe kitabu cha matumizi ya safari za mwaka jana, ukurasa hadi ukurasa.